Shaba Nyekundu, Shaba ya Manjano: Sarafu za Tabora Mbele ya Kamera ya Nyumbani

Kiswahili kina neno moja, shaba, kwa metali mbili ambazo mfuaji hawezi kuzichanganya. Ile safi huitwa shaba nyekundu. Ile iliyotiwa zinki huitwa shaba ya manjano. Sufuria kubwa ya halua, sinia la kahawa, misumari ya mlango wa nakshi, waya wa umeme: yote hayo ni shaba, na msemaji anayetaka kuyatenga hana budi kutaja rangi. Kwa karne nyingi jambo hilo halikumsumbua mtu. Aliyezungumza alikuwa na kitu chenyewe mbele yake, na jicho lilimaliza kazi ambayo neno liliiacha. Matatizo yalianza pale kitu kilipobaki mahali pamoja na picha yake ikasafiri.

Hakuna mfano unaoonyesha jambo hili vizuri zaidi ya sarafu ya heller 20 ya mwaka 1916. Upande mmoja ina taji, herufi D.O.A., mwaka, na herufi T. Upande wa pili ina tarakimu 20 na neno HELLER. Ilipigwa kwa shaba nyekundu, na ilipigwa pia kwa shaba ya manjano, mwaka uleule, katika mji uleule, kwa umbo lilelile. Juu yake hamna neno wala alama inayotaja metali. Uzito nao hausaidii sana, kwa kuwa vipande vilivyotumika vilikatwa kwa haraka na hupishana unene. Kwa mtu mwenye sarafu hiyo mkononi, rangi ndiyo maandishi ya kwanza. Kwa mtu mwenye picha tu, mara nyingi rangi ndiyo maandishi pekee, na maandishi hayo yameandikwa na kamera.

Ili kuelewa ilikuwaje sarafu moja ikatoka kwa metali mbili, ni lazima kurudi kwenye reli. Kabla ya vita, fedha za koloni la Kijerumani zilikuja kwa meli. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1890 na pesa zake zenye maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria. Tangu 1904 serikali ya koloni ilishika kazi hiyo yenyewe, ikaigawa rupia katika heller 100 badala ya pesa 64. Heller hizo zilipigwa Ujerumani: zenye herufi A zilitoka Berlin, zenye herufi J zilitoka Hamburg. Neno lenyewe liliwakaa watu mdomoni kiasi kwamba utawala ulipoondoka, lenyewe halikuondoka. Hela ya leo ni heller ile, na mtu wa Dar es Salaam anayelalamika kwamba hana hela anataja, bila kukusudia, sehemu ya mia ya rupia ya Kaisari.

Vita vilipozuka mwaka 1914, manowari za Uingereza zilifunga pwani na meli za fedha hazikuja tena. Serikali ilichapisha noti za muda ndani ya koloni, na mwaka 1917, hali ilipozidi kuwa mbaya, zikachapishwa nyingine porini kwa herufi za mpira. Lakini mtu wa sokoni aliyeuza mtama, na mpagazi aliyelipwa kwa mzigo, walitaka kitu kinacholia kikigongwa mezani. Reli ya Kati ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912, na mji huo ndio uliogeuka makao ya serikali baada ya Dar es Salaam kuwa hatarini. Palikuwa na karakana ya reli, na karakana ina tanuri, mashinikizo na mafundi. Mwaka 1916 zikatoka hapo heller 5 za shaba ya manjano, heller 20 za namna zote mbili, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo mbele ya mlima, iliyopigwa kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Inasimuliwa kwamba mihuri ya sarafu hiyo ya tembo ilichongwa na sonara mwenye asili ya Ceylon. Yote hayo yalifanyika katika muda mfupi. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliingia Tabora, na herufi T haikupigwa tena.

Shaba ya manjano ya Tabora ilitokana kwa sehemu kubwa na maganda ya risasi na ya mizinga yaliyokwisha kutumika. Simulizi inayopendwa na wakusanyaji hutaja maganda ya Königsberg, meli ya kivita iliyoangamia katika delta ya Rufiji Julai 1915. Simulizi hiyo ina mvuto wake na pengine ina chembe ya ukweli, ila hurudiwa kwa uhakika mwingi kuliko inavyostahili. Shaba nyekundu ilitafutwa popote ilipopatikana. Kwa hiyo rangi ya kila kipande ni habari ya siku fulani: nini kilikuwa kwenye tanuri asubuhi ile, akiba ipi ilikuwa imekwisha na ipi imeletwa. Mwanahistoria wa vita vile ana barua za maofisa na kumbukumbu za makamanda. Wafanyakazi wa karakana hawakuandika vitabu. Waliacha metali.

Hapo ndipo mtu angetarajia kwamba elimu ya sarafu, yenye mapokeo ya karne nyingi, ingekuwa imeweka kumbukumbu ya rangi kwa makini. Haikufanya hivyo. Katika katalogi za Ulaya, dhahabu huandikwa AV, fedha AR, na kila kilichobaki huandikwa AE, kifupi cha neno la Kilatini lenye kubeba shaba nyekundu, shaba ya manjano na mchanganyiko wa shaba na bati, yote kwa pamoja. Mswahili na neno lake shaba asione aibu. Wataalamu wa Paris na London wamekuwa wakisema vivyo hivyo kwa herufi mbili.

Picha nazo zilifuata njia hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mfaransa Théodore Edme Mionnet alisambaza nakala za sarafu za kale zilizomiminwa kwa kiberiti, na wasomi wa miji mbalimbali wakajadili sarafu ambazo hawakuwahi kuzishika. Baadaye yalikuja mabamba ya katalogi za British Museum, yaliyopigwa picha kutokana na nakala za plasta. Plasta ilipendwa kwa sababu nzuri: haing'ai, haina doa, haina kutu, na nuru huipitia kwa utulivu hadi kila herufi ikasomeka. Ilipendwa, yaani, kwa kuwa ilifuta kila kitu isipokuwa umbo. Dhahabu na shaba zote zilitoka nyeupe kama chaki.

Hata kamera ilipoelekezwa kwenye sarafu yenyewe, kemikali za zamani ziliona nusu tu ya ulimwengu. Zilihisi buluu na urujuani, zikawa vipofu kwa nyekundu, hadi Hermann Wilhelm Vogel alipogundua mwaka 1873 kwamba kuzitia rangi fulani kunapanua uwezo wao wa kuona. Sarafu ya shaba nyekundu katika picha za namna hiyo ilitoka nyeusi kuliko jicho linavyoiona. John Walker alipochapisha utafiti wake mkubwa kuhusu masultani wa Kilwa na sarafu zao mwaka 1936, rangi za vitabu bado zilikuwa anasa. Sarafu za Kilwa ni za shaba, na nyingi zimelala ardhini kwa karne nyingi karibu na bahari. Nyingine hutoka na ganda la kijani, nyingine na wekundu wa damu ya mzee chini ya kijani hicho, nyingine nyeusi. Mpangilio wa matabaka hayo humweleza mhifadhi jinsi ardhi ilivyozishughulikia. Picha nyeusi na nyeupe huyafanya yote kuwa kivuli.

Leo kamera imo mfukoni, na mtu yeyote aliyerithi mfuko wa sarafu anaweza kuziweka juu ya meza ya jikoni na kuzipiga picha zenye rangi mamilioni. Si ajabu kukuta sarafu za Tabora, pesa za Barghash za mwaka 1299 Hijria zenye picha ya mizani, au shilingi za kikoloni, katika makasha ya familia zilizohama Unguja, Mombasa au Bara na kukaa Muscat, London au Toronto. Hazipelekwi makumbusho. Hupigwa picha, picha hutumwa kwa ndugu, kisha kwa mtu anayedhaniwa kuwa anajua. Swali linalofuatana na picha huwa lilelile: hii ni ipi? Na hapo kamera, kwa nia njema kabisa, hudanganya.

Hudanganya kwanza kwa sababu haijui chumba kimemulikwa na nini. Jicho la binadamu husahihisha: karatasi nyeupe huonekana nyeupe mchana na huonekana nyeupe chini ya balbu, ingawa nuru zake hazifanani hata kidogo. Nuru hupimwa kwa kelvini. Balbu ya zamani ya waya ina takribani 2,700, jua la mchana takribani 5,500, na kivuli chini ya anga ya buluu hupita 7,000. Kamera hukosa busara ya jicho, hivyo hukisia. Njia ya kale ya kukisia, ambayo athari zake bado zimo ndani ya programu nyingi, ni kudhani kwamba rangi zote zilizomo katika picha zikichanganywa, wastani wake utakuwa kijivu. Dhana hiyo hufaa kwa picha ya arusi. Kwa sarafu haifai. Heller ya shaba nyekundu ikijaza fremu nzima, kamera huona wekundu umezidi, hudhani ni kosa la taa, huongeza buluu, na sarafu hutoka imepauka kama ngozi ya mgonjwa. Sarafu ya shaba ya manjano ikilazwa juu ya mahameli ya buluu ya kasha la vito, mambo hugeuka: kamera huona buluu imezidi, hutia joto, na manjano huelekea wekundu. Kitambaa kilichochaguliwa kwa ajili ya kuipamba sarafu ndicho kilichobadili metali yake.

Kosa la pili ni la mwanga kupita kiasi, na ndilo linalowanasa hata wazoefu. Kihisi cha kamera hupima nyekundu, kijani na buluu, kila moja kwa kipimo chake, na kila kipimo kina kikomo. Shaba nyekundu hurudisha nyekundu nyingi kuliko rangi nyingine. Mwanga ukizidi, nyekundu hufika kikomo kwanza na kusimama, huku kijani ikiendelea kupanda. Uwiano hubadilika, na sehemu zinazong'aa huhama kutoka wekundu kwenda manjano. Shaba nyekundu iliyomulikwa kupita kiasi huwa, katika picha, shaba ya manjano. Dhahabu ya tembo wa Tabora hupata msiba huohuo na kugeuka njano nyepesi ya ndimu. Dawa yake ni rahisi kuitaja: picha ipigwe kwa giza kidogo kuliko inavyopendeza, iangazwe baadaye. Ni ngumu kuitekeleza kwa kuwa skrini ya simu humshawishi mtu kwamba picha yenye mwanga mwingi ndiyo nzuri.

Tatu ni taa zenyewe. Balbu nyingi za LED zinazouzwa kwa bei nafuu zina upungufu katika nyekundu kali. Pakiti huandika kipimo cha CRI, ambacho kikomo chake ni 100, na mnunuzi akiona 80 hudhani ni alama nzuri kama ya mtihani wa shule. Kipimo hicho cha kawaida ni wastani wa rangi nane, zote za upole. Nyekundu kali haimo. Taa inaweza kupata alama ya kuridhisha huku ikiwa karibu kipofu kwa rangi ileile ambayo heller inaihitaji. Taa yenye CRI ya 95 au zaidi hupunguza tatizo. Dirisha hulipunguza zaidi, ila dirisha lina tabia zake: nuru ya asubuhi ya London yenye mawingu si nuru ya Muscat, ambako kuta nyeupe za jirani hurudisha jua kwa ukali. Kibaya zaidi ni kuchanganya, dirisha upande huu na taa ya dari upande ule. Kila nusu ya sarafu hupata rangi yake, na hakuna marekebisho yatakayoziponya zote mbili kwa pamoja.

Nne, sarafu ni kioo. Jambo hili husahauliwa kwa sababu sarafu imezoeleka kama kitu chenye rangi yake, kama embe. Metali iliyosuguliwa huonyesha kilichoko mbele yake. Kanga nyekundu iliyotundikwa ukutani, shati la mpigaji picha, dari iliyopakwa rangi ya maziwa, vyote huingia katika uso wa sarafu na kuonekana kana kwamba ni vyake. Wapigaji makini huvaa nguo nyeusi au za kijivu na hutandika karatasi ya kijivu, na mtu anayewaona kwa mara ya kwanza hudhani wamefiwa.

Njia ya kuyatuliza yote haya haihitaji mashine ya gharama. Simu au kamera huwekwa juu ya kitu kisichotikisika, hata rundo la vitabu, ikiangalia chini moja kwa moja, kwa umbali wa kutosha ili kivuli chake kisiangukie sarafu. Taa mbili za aina moja huwekwa juu kulia na juu kushoto, mbele yake karatasi nyepesi ya kulainisha nuru, na taa nyingine zote za chumba huzimwa. Kisha, kabla ya sarafu kupigwa picha, hupigwa picha kadi ya kijivu mahali palepale, chini ya nuru ileile. Kadi hiyo ndiyo shahidi. Programu huambiwa kwamba hiki ndicho kijivu, na rangi nyingine zote hupangwa kukizunguka. Jambo hilo huitwa mizani ya weupe, na kwa mtu mwenye pesa ya Barghash mbele yake jina hilo lina utani wake: mizani imechorwa juu ya sarafu na mizani nyingine imo ndani ya kamera. Karatasi nyeupe ya ofisini haifai kushika nafasi ya kadi, kwa kuwa karatasi nyingi hutiwa dawa ya kung'arisha inayotoa ubuluu chini ya nuru ya jua. Mwenye kutaka usahihi zaidi hutumia kibao cha ColorChecker, chenye miraba 24 ya rangi zilizopimwa, kinachotumiwa na wapigaji picha tangu 1976. Faili ghafi ihifadhiwe, kwa maana faili ambayo simu imekwisha kuipamba haiwezi kurudishwa ilikotoka.

Kwa heller za Tabora kuna hatua moja zaidi, ambayo inastahili kuwa desturi. Sarafu isipigwe peke yake. Iwekwe pembeni yake, katika fremu ileile, kipande cha shaba nyekundu kinachojulikana na kipande cha shaba ya manjano kinachojulikana: waya wa umeme uliokwanguliwa, na ufunguo wa zamani au kitasa. Picha ya namna hiyo haivutii. Haiuzi. Lakini atakayeitazama baada ya miaka 50, kwenye skrini ambayo bado haijabuniwa, hatalazimika kuamini rangi yoyote, atalinganisha. Usahihi wa rangi katika picha, hata katika maabara kubwa, ni uhusiano kati ya kitu kisichojulikana na kitu kinachojulikana, na anayepeleka rangi bila mwenzake amepeleka madai.

Skrini zenyewe ni sura ya mwisho ya hadithi hii ya upotovu. Simu nyingi huja zikiwa zimewekwa rangi kali, na nyingi hupunguza buluu jioni ili kumwandaa mwenyewe kwa usingizi. Bibi aliyeko Muscat na mjukuu aliyeko Toronto wanaweza kubishana kwa simu kuhusu sarafu moja, yeye akiiona manjano, huyu akiiona nyekundu, na wote wawili wakawa wanasema kweli kuhusu vioo vyao. Watu wamegombana kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Fedha ina shida nyingine. Riyali ya Barghash ya mwaka 1299 iliyokaa muda mrefu katika bahasha au kasha la mbao hupata utandu, na utandu huo huweza kuwa wa dhahabu, wa zambarau, wa buluu ya shingo ya tausi. Rangi hizo si za dutu yoyote iliyopakwa. Ni nuru inayogonga juu ya utandu na chini yake na kukutana tena, kama mafuta juu ya maji, na hutegemea unene ambao ni chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Hutegemea pia pembe ya kutazamia, ndiyo maana taa za pembeni huonyesha sarafu ya kijivu iliyochoka pale ambapo mwenye kuishika huona tausi. Kioo safi kikiwekwa juu ya sarafu kwa mlalo wa digrii 45, taa ikitoka ubavuni, nuru hushuka wima na kurudi wima hadi kwenye lenzi, na rangi hutokea. Lakini kioo hicho hufifisha mikwaruzo na kupunguza kina cha herufi. Picha mbili zinahitajika, na mchuuzi atachapisha moja. Kuna picha ya kujua na picha ya kutamanisha, na kosa huingia pale ya pili inapowekwa kwenye kumbukumbu kwa jina la ya kwanza.

Wala rangi haijui kila kitu. Reale ya Maria Theresa, iliyotumika Unguja, Oman na Uhabeshi, iliendelea kupigwa katika miji mingi kuanzia Vienna hadi Roma, London na Bombay, na yote ina mwaka uleule wa 1780. Kuitenga ya Bombay na ya Vienna ni kazi ya kuhesabu manyoya ya mkia wa tai na lulu za bruchi begani. Rangi haina neno la kuaminika hapo, na anayedai kuitambua kwa weupe wake anacheza kamari. Shilingi ya Afrika Mashariki nayo, iliyoanza mwaka 1921 ikiwa na robo tu ya fedha, ina umanjano wa uchovu unaojulikana na kila aliyeishika, ila mwaka ulioandikwa juu yake hutosha kuieleza. Heller 20 ya Tabora ni tofauti kwa kuwa haina kimbilio lingine kama hilo.

Hata hiyo inaweza kusema uongo bila kamera kuwapo, na hapa jambo linarudi jikoni. Vyombo vya shaba katika nyumba za pwani vimesuguliwa kwa ukwaju, ndimu na majivu tangu zamani, na mtu aliyekuta sarafu nyeusi katika kasha la marehemu hufanya kile alichofundishwa kufanya na sinia la wageni. Asidi ya ukwaju huondoa weusi. Ikiachwa kwa muda, huweza pia kuondoa zinki iliyoko juu kabisa ya shaba ya manjano na kuacha utando mwembamba wa waridi, wenye shaba nyingi kuliko kiini. Sarafu ya manjano huvaa wekundu usio wake. Picha sahihi ya sarafu hiyo itaonyesha kwa usahihi rangi isiyo sahihi, na hakuna kadi ya kijivu itakayosaidia. Kinachosaidia ni ukingo, mahali ambapo kidole na mfuko vimelamba utando huo na manjano imechungulia. Au kuipima sarafu ndani ya maji, kwa kuwa shaba nyekundu ina uzito wa takribani gramu 8.9 kwa sentimita moja ya ujazo, na ile ya manjano huwa kati ya 8.4 na 8.7. Basi ukingo nao upigwe picha, sarafu ikiwa imesimamishwa. Karibu hakuna anayefanya hivyo.

Utaratibu mwema, kwa hiyo, una mpangilio wake. Sarafu hutoka kwenye kasha na kuwekwa mezani jinsi ilivyo, na vumbi lake na weusi wake. Ukwaju hubaki kabatini. Taa ya dari huzimwa, kanga ya ukutani huondolewa, kadi ya kijivu hupigwa kwanza, kisha upande wa taji, upande wa tarakimu, na ukingo. Chini ya jina la faili huandikwa tarehe, aina ya taa, mahali, na jina la mtu ambaye sarafu ilitoka kwake, ikiwa bado kuna anayelikumbuka. Waya na ufunguo hubaki pembeni ya sarafu katika kila picha. Wingu likipita dirishani, mpigaji husubiri liondoke, kisha huipiga kadi upya kabla ya kuigeuza sarafu.